Programu yangu iligoma Magamba

Nasikia kuna watu walishasambaza kwamba nimeoa Katavi ndiyo maana kimya. Hapana jamani. Nimerudi chuo, bumu bado halijatoka, na nina stori ambayo kwa nje ni ya kompyuta lakini ukiikwangua kidogo unakuta ni ya historia. Mnanijua, masomo yangu ni Historia na Kiswahili. Kompyuta ni ugonjwa tu nilioambukizwa hosteli na jamaa wa chumba cha jirani.

TP yangu ilikuwa Magamba, moja ya kata za Manispaa ya Mpanda. Kwa wasiopajua: unapanda treni Tabora, mkifika Kaliua mnaiacha reli ya Kigoma, mnakata kushoto mpaka reli inapoishia. Tawi hilo lilifika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, si kwamba kuna mtu alitaka kuja kuwasalimia wenyeji. Mkoa wenyewe wa Katavi ni wa juzi tu, 2012, kabla ya hapo palikuwa Rukwa.

Shule niliyopangiwa siitaji jina. Mwalimu wa taaluma pale ni mama wa makamo, wote tunamwita Madam. Nilimkuta anajumlisha alama za kidato cha pili kwa kikokotoo, mikondo minne, jina kwa jina, wastani, nafasi, hadi saa mbili usiku. Nikajifanya mjuaji. "Madam, niachie wiki mbili, nitakuandikia programu, wewe utakuwa unaingiza alama tu." Akanitazama juu ya miwani. "Sawa mwanangu. Ila wiki ya tatu tunafunga shule."

Nikaandika kwa Visual Basic, usiku baada ya kuandaa maazimio ya kazi. Kwenye laptop yangu ilikuwa inateleza kama samaki. Nikaiweka kwenye flashi, nikaenda ofisini kifua mbele, nikabofya mara mbili mbele ya walimu wanne. Kompyuta ikajibu kwamba toleo hili haliendani na Windows iliyopo. Basi. Mwalimu wa michezo akasema, "Kumbe hata kompyuta inajua kukataa wa TP."

Nikajifariji kwamba si mimi wa kwanza nchi hii. Kompyuta ya kwanza ya serikali, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na kazi mojawapo iliyotarajiwa kuirahisisha ni hesabu za serikali. Hesabu zikavurugika, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kabisa kuingiza kompyuta nchini. Watu hupenda kuisimulia marufuku ile kama kichekesho cha siasa za wakati ule. Mimi baada ya Magamba siwacheki tena. Mashine iliyofanya kazi vizuri kwao haikuwa na lazima ya kufanya kazi vizuri kwetu, kwa sababu kule ilikuwa imezungukwa na vitu ambavyo hakuna aliyeviorodhesha: mafundi, vipuri, umeme, watu waliozoea fomu zake.

Na historia yote ya programu za Windows ni hiyo hiyo. Kitu kinafanya kazi kwa aliyekiandika, halafu kinasafiri.

Anzeni na mwaka 1991. Kabla ya hapo kuandika programu ya Windows yenye dirisha moja tu lisilo na kitu ndani kulikuwa na kurasa za maelekezo. Microsoft wakachukua kazi ya Alan Cooper, jamaa aliyebuni namna ya kupanga vitu kwenye skrini kwa kuvivuta na kipanya, wakaiunganisha na lugha ya BASIC, ikazaliwa Visual Basic. Unachora kitufe, unakibofya, unaandika kitakachotokea. Wahasibu, walimu, makarani, kila mtu akawa mwandishi wa programu. Toleo la 6 lilitoka 1998, na mpaka leo ukizunguka maofisi ya zamani hukosi programu yake inayopumua.

Siri ya zile programu kuwa ndogo ni kwamba sehemu kubwa ya akili haikuwa ndani yake. Ilikuwa kwenye faili la pembeni, MSVBVM60.DLL, pamoja na mengine ya kuchora majedwali na vitufe. Wazo la DLL si baya hata kidogo. Fikiria kitabu kimoja cha maktaba pale kaunta, watu themanini wa kozi moja mnakitumia, hakuna haja ya kila mtu kununua chake. Enzi ambazo kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ghali, hiyo ilikuwa busara. Sasa mtu mmoja anakuja na toleo jipya la kitabu, analiweka kaunta, anaondoka na la zamani. Kurasa zimehama. Wewe desa lako linasema soma ukurasa wa 112, unafungua unakuta mada nyingine. Ndicho kilichokuwa kinatokea: unafunga programu ya muziki, kesho yake programu ya mishahara haifunguki. Waandishi wa programu wenyewe waliiita jehanamu ya DLL, si mimi niliyetia chumvi.

Wakatafuta dawa. Office 2000 ilikuja na mfumo mpya wa kusakinisha unaoandika nini kimewekwa wapi, Windows 2000 ikaanza kuyalinda mafaili yake yasibadilishwe ovyo. Mwaka 2002 ikaja .NET Framework na ahadi kwamba matoleo mbalimbali yataishi pamoja bila kugombana. Kweli yakaishi. Lakini sasa ilibidi .NET yenyewe iwepo kwanza kwenye mashine, na toleo la 2.0 lilikuwa la MB 20 na ushee, kipindi ambacho intaneti kafe ya Tanzania ilikuwa inakulipisha kwa nusu saa na barua pepe moja inafunguka ukiwa umeshasali rozari. Mwaka 2005 wakaleta ClickOnce: mtumiaji anabofya kiungo kwenye ukurasa, programu inajisakinisha na kila ikifunguliwa inajiangalia kama kuna toleo jipya. Nzuri sana, kama una waya wa intaneti ofisini. Mwaka 2019 .NET Core 3.0 ikaruhusu programu za madirisha zibebe kila kitu zenyewe, hakuna kutegemea maktaba ya mtu. Programu yangu ya alama, ambayo maandishi yake yanaingia kwenye daftari, ikiwa hivyo inafika zaidi ya MB 100.

Mnaona mchezo? Mzigo haujawahi kuondoka. Unahamishwa tu kutoka bega hili kwenda lile, na kila aliyeuhamisha alidhani huko mwisho kuna mtandao.

Turudi ofisini kwa Madam. Kompyuta yake ni ya biti 32, mimi nilitengeneza ya biti 64. Hilo kosa la kitoto, nikalirekebisha usiku ule. Kesho yake ikagoma tena, maana ile ni Windows 7 na mimi nilitumia .NET 8, ambayo Windows 7 haimo kabisa kwenye orodha yake. Nikasema nirudi nyuma, nitumie Framework 4.8, hiyo inakubali Windows 7. Nikaenda mjini Mpanda, nikanunua bando, nikashusha faili lote zima la kusakinishia, nikarudi Magamba kwa bodaboda na ushindi mfukoni. Ikafika katikati ikasimama, ikalalamika kwamba mlolongo wa vyeti haufiki kwenye mamlaka inayoaminika.

Hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi, na ndiyo nzuri kuliko zote kwa mtu wa historia. Faili lile lina sahihi ya kidijitali, na sahihi inathibitishwa na cheti mama cha mwaka 2011. Windows 7 ilitoka 2009. Kompyuta iliyo kwenye intaneti ilishajiletea cheti hicho kimya kimya miaka mingi iliyopita, mwenyewe hana habari. Kompyuta ya Madam, tangu fundi alipoipiga Windows, haijawahi kuonja mtandao. Kwa hiyo ilikuwa inakataa kitu cha Microsoft kwa sababu haimjui anayemdhamini, kama mtendaji wa kijiji anavyokataa barua yenye muhuri asioufahamu. Dawa ni kukibeba cheti chenyewe kwenye flashi na kukiingiza kwa mkono, lakini hilo nimelijua nikiwa nimesharudi chuo.

Nilichofanya ni kushuka ngazi nyingine, hadi toleo la 3.5 la mwaka 2007. Windows 7 inakuja nalo tayari tumboni. Nikaondoa madoido machache yaliyokuwa yanadai matoleo mapya. Programu nzima ikawa ndogo kuliko picha moja ya simu. Nikabofya, ikafunguka. Walimu wakapiga makofi, mwalimu wa michezo akiwemo.

Makofi yalikuwa ya mapema. Skrini ya pale ni fupi kuliko ya laptop yangu, na dirisha nililochora lilikuwa refu, kwa hiyo kitufe cha kuhifadhi kilikuwa chini huko ambako jicho halifiki. Mwalimu wa Jiografia aliingiza alama za mkondo mzima, akatafuta pa kuhifadhi, hakupaona, akafunga kwa ule msalaba wa juu. Alama zote zikaenda. Hakunisema. Alivuta kiti akaanza upya, na kunyamaza kwake kuliniumiza kuliko angenifokea. Kumbe ni suala la kukipigia kitufe nanga kwenye ukingo wa dirisha na kuruhusu kurasa ishuke, mistari miwili.

Jingine la kuchekesha ni lugha. Nilijisifu kwamba yangu ni ya Kiswahili mwanzo mwisho: Hifadhi, Ghairi, Futa. Madam akauliza, "Ghairi ndiyo kufanya nini?" Nikabadilisha nikaandika Acha. Halafu ukibofya Futa inakuuliza kwa Kiswahili safi kama una uhakika, na chini vitufe viwili vimeandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa maneno ya kile kisanduku yanatoka kwa Windows yenyewe, si kwangu. Hapo kuna historia pia. Mwaka 2004 Microsoft walitangaza mpango wa kuleta Kiswahili kwenye programu zao, na mwishoni mwa mwaka huo huo mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu kutoka Sweden ukatoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya Kiswahili ya bure. Vifurushi vya Kiswahili vya Windows vilitoka, hata Windows 7 ilikuwa nacho, juu ya msingi wa Kiingereza. Sijakikuta kwenye kompyuta ya shule hata moja. Na Kiswahili kilichokuwa kwenye mipangilio ya nchi ya Windows hadi kufika Windows 10 kilikuwa cha Kenya peke yake. Ukichagua Kiswahili, unachukua na shilingi yao.

Mimi sikuchagua chochote, na hapo ndipo nilipokaribia kuharibu kweli.

Programu ilikuwa pia inachapa orodha ya wanafunzi na tarehe za kuzaliwa, shule iitumie kwenye kumbukumbu zao. Faili la tarehe niliandaa kwenye laptop yangu, mpangilio wa Uingereza, siku kwanza. Kompyuta ya Madam ilikuwa kwenye mpangilio wa Marekani, mwezi kwanza, kama wanavyoziacha mafundi wengi wakishapiga Windows. Programu ikasoma kwa kufuata mashine iliyopo. Waliozaliwa baada ya tarehe 12 iliwashindwa, kwa sababu hakuna mwezi wa 23, na mimi nilikuwa nimeandika kwamba ikishindwa iache wazi, isisumbue watu na ujumbe. Nikadhani ni fomu hazikujazwa. Waliozaliwa tarehe 1 hadi 12 haikushindwa. Iliwageuza tu.

Madam alichukua karatasi yangu, akafungua rejesta ya uandikishaji, ile kubwa yenye jalada gumu, akaweka rula akashuka mstari kwa mstari. Sikumwomba afanye hivyo, na kusema kweli niliona ananidharau. Akafika kwa binti mmoja akasimama.

"Mwalimu, huyu umemwandika Septemba nne."

"Ndivyo ilivyo kwenye faili, Madam."

"Huyu ni wa Aprili tisa. Mama yake alikuja hapa mara mbili kufuatilia cheti cha kuzaliwa, nakumbuka mpaka kanga aliyovaa." Akageuza kurasa. "Na huyu. Na huyu."

Tulikaa hadi saa tatu usiku. Nikarekebisha programu isome siku, mwezi, mwaka kwa mpangilio huo huo mmoja bila kujali mashine inataka nini, na ikishindwa ipige kelele. Tukachapa upya, yeye akarudia na rula tangu jina la kwanza. Yalibaki makosa mawili, yote mawili yalikuwa ya kuandika kwangu.

Shule ilifunga ijumaa, matokeo yakiwa yamebandikwa. Nimemwachia Madam flashi yenye programu na karatasi ya maelekezo. Nilipoaga nikamuona anaiweka flashi kwenye droo, juu ya kikokotoo.