Jiwe la Matumbawe na Mizinga ya 1896

Katika zama za Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata alipofariki mwaka 1888, palikuwako Chukwani, kusini ya mji, kasri ya kupumzikia iliyosifika kwa hewa yake njema, na mwaka 1879 ikatandikwa reli nyembamba ya maili saba kuiunganisha na majumba yake ya mjini, mabehewa yakikokotwa kwanza na nyumbu. Huko na huku jiwe lilikuwa lile lile la matumbawe, lililoshikamanishwa kwa chokaa na udongo mwekundu, na sakafu nzito zikabebwa na boriti za mikoko. Lakini kasri ya Chukwani ilitoweka polepole kwa miaka, ilhali Beit al-Hukm, kasri ya mjini, iliangamia katika muda wa dakika 38.

Ilikuwa hivi: Sayyid Hamad bin Thuwaini, mtawala wa Unguja, alipofariki tarehe 25 Agosti 1896, Sayyid Khalid, mwana wa Barghash, alishika kasri hiyo ya mjini bila ya ridhaa ya Waingereza, na siku ya pili yake akawekewa muhula wa kuondoka, na asubuhi ya tarehe 27, saa tatu na dakika mbili, manowari za Admirali Rawson wa Uingereza zikafyatua mizinga.

Ukuta wa matumbawe ni mstahamilivu wa uzito. Uupandishie ghorofa juu ya ghorofa nao utasimama karne nzima, kwa kuwa jiwe hukubali kukandamizwa. Lisilolikubali ni kuvutwa. Ama kombora lijapo kwa kasi, ukuta haupati nafasi ya kuugawa mzigo: mshindo hupenya unene wake kwa mwendo wa maelfu ya mita kwa sekunde, nao ufikapo uso wa ndani, pasipo na jiwe jingine la kuupokea, hurudi nyuma umegeuka mvuto, na hapo jiwe hubanduka upande usioguswa kabisa na kombora. Ni kama safu ya watu waliogusana mabega: asukumwaye ni wa mwanzo, aangukaye ni wa mwisho. Na boriti, ambayo kichwa chake kimelazwa ndani ya ukuta huo huo, ikikosa egemeo hushuka na sakafu yake. Mwingereza Bertram Hopkinson aliyapima mawimbi ya namna hii kwa fimbo za chuma, akatangaza aliyoyaona mwaka 1914.

Vitundu vilivyomo katika jiwe la bahari huweza kufaa mbele ya mizinga: ngome ya St. Augustine huko Florida, iliyojengwa kwa jiwe la makombe, iliyameza matufe ya mizinga ya Waingereza mwaka 1702. Lakini matufe yale yalikuwa chuma kitupu. Makombora ya Rawson yalikuwa na baruti kali, yakipasuka ndani ya vyumba na kuwasha moto.

Nasikitika vita hivi vinapotajwa kwa ufupi wake tu. Watu wapatao 500 wa upande wa kasri waliuawa au kujeruhiwa, wakiwamo watumishi na watumwa, na sina shaka baadhi yao walipigwa na nyumba yenyewe waliyojibanza nyuma ya kuta zake. Sayyid Hamoud bin Muhammed alitawazwa kuwa mtawala siku ile ile. Katika majumba mengine ya mjini, Beit al-Sahel ikajengwa upya, na Beit al-Ajaib, iliyopata madhara machache, ikaongezewa mnara wa saa. Beit al-Hukm haikujengwa tena.