Kasongo: nani mwenyeji, nani mgeni?

Leo tunazungumza juu ya jambo linaloleta maneno mengi katika baraza zetu: ni kitu gani kinachowafanya watu kuwa jamii moja? Wapo wanaosema ni damu. Wengine wanasema ni udongo wa babu. Tuutazame mji wetu wa Kasongo, maana hapa majibu hayo yote mawili yanakwama.

Kasongo ya zamani, ile ya Tongoni, ilikuwa makao ya Hamed bin Muhammed, ndiye Tippu Tip, na baadaye ya mwanawe Sefu. Wakaaji wake wengi hawakuja kwa hiari. Walitekwa vijijini, Wakusu, Wazimba, Wabangubangu, Waluba na wengineo, wakaletwa kwa minyororo. Hilo tusilifiche. Lakini watu hao wa kila upande walilima mpunga pamoja, wakasema Kiswahili kimoja, wengi wakasali pamoja, wakajiita Waungwana, yaani watu huru. Askari wa Leopold waliuteka mji Aprili 1893, na Sefu akauawa mwaka ule ule. Kama ni amri ya bwana tu iliyowaunganisha, wangetawanyika siku ile. Hawakutawanyika.

Damu nayo, mara nyingine, hutafutwa. Tippu Tip alipofika Utetela alimwambia mzee Kasongo Rushie kwamba bibi yake alitekwa zamani kutoka katika ukoo ule. Mzee akakubali, akamwachia utawala. Wengi wanaona ilikuwa hila, lakini undugu uliokubaliwa mbele ya watu ulifanya kazi kama undugu wa kweli.

Tazameni pia waliotoka kwetu. Huko Ujiji, na katika mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura, Mubangubangu na Mukusu waliitwa wote Wamanyema. Hapa nyumbani kila mmoja alikuwa na sultani wake, kule walizikana.

Lakini Waungwana nao walikuwa na neno lao kwa watu wa vijijini: washenzi. Waliosahau kwamba wao wenyewe waliletwa ndio waliokuwa wepesi kulitumia. Neno hilo limeacha kidonda, na wazee wa pande zote mbili wanalijua.

Mapigano ya Salamabila, kati ya 2018 na 2020, yaliwatoa maelfu ya watu wa Kabambare katika mashamba yao. Waliopokelewa walipewa jina la wadeplase. Mtu anaweza kuitwa hivyo mwaka wa kwanza. Akishalima misimu mitatu, akazaa na kuzika hapa, jina hilo linamzuia asiulize habari ya shamba analolima.

Basi wakubwa wa mitaa na machifu, swali letu kwenu ni hili: siku ya kugawa mashamba, watu hao wanakaa ndani ya baraza, au wanangojea nje kuambiwa?

Kipindi kijacho tutazungumza juu ya mashamba yaliyoachwa. Kwaherini.