Mayai Yanayopotelea Tumboni

Ndugu mkulima, leo tuzungumze juu ya hasara isiyoonekana kwa macho. Ng'ombe akitupa mimba, unaiona. Mayai ya kuku yakiwa viza, harufu itakuambia. Lakini samaki jike anaweza kupoteza mayai yake yote, maelfu kwa maelfu, na wewe usione hata yai moja majini. Yanapotelea humo humo tumboni mwake. Hasara hii iliwasumbua wafugaji wa samaki duniani kwa muda mrefu sana, na jinsi walivyoishinda ni habari inayokuhusu wewe unayetaka kufuga kambale.

Kwanza tuelewane jinsi mambo yanavyokwenda. Kambale jike akila vizuri hutengeneza mayai na kuyajaza kiini, yaani akiba ya chakula cha mtoto. Tumbo linavimba. Yakifika hapo, mayai husimama yakingoja. Je, yanangoja nini? Yanangoja mvua. Mto ukifurika na maji yakafunika majani ya kando, ubongo wa samaki hupata habari. Ubongo huiamuru tezi ndogo iliyo chini yake, iitwayo pituitari, imwage homoni katika damu. Homoni hiyo ndiyo inayoyakamilisha mayai na kuyafungulia yatoke. Kambale hutaga usiku, juu ya majani hayo yaliyofunikwa na maji.

Sasa basi, tazama bwawa lako. Maji yametulia, mafuriko hakuna, na amri haitoki. Mayai yanangoja weee, mwisho mwili wa samaki unaanza kuyala. Chembe zinazolizunguka kila yai huyeyusha kiini na kukirudisha mwilini, na tumbo linanywea. Jirani atakuambia, "Huyu ametaga." Mwingine atasema ni mgonjwa. Si hili wala si lile. Samaki amefanya kama mtu aliyeweka mbegu akingoja mvua, mvua isije, akaamua kuzila.

Wachina waliijua shida hii zamani. Kwa zaidi ya miaka 1,000 walifuga katika mabwawa samaki wakubwa wa mito, na samaki hao walinenepa vizuri, lakini hawakuzaa humo. Ikawalazimu kila mwaka kwenda mto Changjiang na mito mingine kuchota vifaranga. Wahindi nao walichota katika mto Ganga na mito mingine. Anayechota mtoni huchukua chochote alichopewa na mto: vifaranga wazuri, vifaranga wasiofaa, na hata wale wanaokula wenzao. Mto ukikosa mafuriko, mabwawa nayo hukosa mbegu.

Mwanga ulitokea Amerika ya Kusini. Karibu mwaka 1930, mtaalamu wa Argentina aitwaye Bernardo Houssay alitoa tezi ya pituitari kwa samaki mmoja akamdunga samaki mwingine. Aliyedungwa alizaa kabla ya siku zake. Katikati ya miaka ya 1930, Rodolpho von Ihering na wenzake waliitumia njia hiyo kaskazini-mashariki ya Brazili, nchi ya ukame, ili samaki wa mtoni watage kwa mkono wa binadamu. Yaani amri iliyokuwa ikingojwa kutoka mbinguni sasa iliingia kwa sindano.

Tarehe 10 Julai 1957, huko Orissa nchini India, Hiralal Chaudhuri na K. H. Alikunhi walifaulu kwa samaki wa Kihindi wanaofugwa mabwawani, mmojawapo akiwa rohu. India huikumbuka tarehe hiyo kila mwaka kuwa siku ya wafugaji wa samaki. Mwaka uliofuata, 1958, Wachina nao wakafaulu kwa samaki wao katika jimbo la Guangdong.

Na huku kwetu je? Tanganyika majaribio ya kufuga samaki yalianza mwaka 1949 huko Korogwe na Malya, na samaki aliyeanza naye ni perege. Perege hangoji mafuriko. Hutaga bwawani mwenyewe, na wengi wao jike hulea mayai kinywani. Shida yake ni kinyume: huzaa mno, bwawa likajaa vidagaa. Ndipo kambale akatakiwa, awale wale wadogo na yeye mwenyewe awe kitoweo. Lakini kambale akanenepa bwawani bila kuacha kifaranga. Katika miaka ya 1970 majaribio yalifanywa katika Jamhuri ya Afrika ya Kati na Foumban, Kameruni, na njia ya sindano ikatengenezwa kwa ajili ya kambale wetu wa Afrika.

Njia hiyo ni hii. Tezi hutolewa kichwani mwa kambale mwingine mkubwa, husagwa, huchanganywa na maji ya chumvi, kisha jike hudungwa mgongoni. Maji yakiwa nyuzi 25 za Selsiasi, mayai huwa tayari baada ya saa 11 hivi. Yakiwa nyuzi 30, ni kama saa 7 tu. Hapo jike hukamuliwa tumbo, na mayai yakachanganywa na mbegu za dume. Ukichelewa, kuna hasara ya pili: mayai yaliyokwisha kufunguliwa huharibika upesi yakibaki tumboni, na mengi hayataanguliwa.

Ndugu mkulima, historia hii inakupa mafunzo matatu. La kwanza, usinunue kambale wenye matumbo makubwa ukatumaini watakujazia bwawa. Nunua vifaranga kwa mtu mwenye kituo cha kutotolea, au mwone bwana samaki akufundishe kazi ya sindano. La pili, ukiwa na majike ya mbegu, walishe vizuri na usiwavue ovyo ovyo. Njaa na misukosuko navyo hufanya mayai yaliwe na mwili. La tatu, jike ambaye tumbo lake limenywea si tasa. Usimtie chunguni kwa hasira. Akitunzwa atajaza mayai mengine.

Kwa hiyo usihesabu vifaranga kwa kutazama tumbo la samaki. Wahesabu wakiwa wanaogelea.