Akiba Iozayo

Wahenga wametuusia kwamba akiba haiozi. Walionena hivyo hawakuwahi kuiona betri. Mwaka 1859, Gaston Planté, mwanasayansi wa Ufaransa, alitumbukiza mabamba ya risasi katika asidi, akapata chombo kilichoweza kutiwa umeme, kuutoa, kisha kutiwa tena. Akiba hiyo huoza: ikiachwa tupu kwa siku nyingi, mabamba hufanya ukoko mgumu na betri haishiki moto tena.

Sisi wa visiwani twaijua betri kwa vyombo vya baharini. Lakini historia yake iliyonivutia ni ya bara ya mbali, Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za Kigoma. Reli ya Kati ilifika Kigoma mjini mwaka 1914, wala haikupanda milima ya Buha. Umeme wa gridi ya taifa nao ulichelewa hadi mwaka 2022. Kabla ya hapo miji hiyo ilitegemea jenereta za dizeli, na vijiji vingi vilibaki na koroboi. Basi aliyetaka redio, televisheni au mashine ya kunyolea alinunua betri ya gari, na baadaye paneli ya sola. Nyumba yake ikawa mithili ya jahazi lililo mbali na bandari: hutumia kilichopakiwa tu.

Hesabu ya nyumba hiyo na ya jahazi ni moja. Betri ya volti 12 na ampea 100 kwa saa hubeba takriban wati 1,200 za saa moja. Atakaye idumu asitumie zaidi ya nusu. Televisheni ya wati 60 itamtosha saa kumi, si zaidi. Betri mbili zikiunganishwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, akiba huongezeka maradufu, volti zikabaki 12. Chanya ya moja ikifungwa kwenye hasi ya nyingine, volti huwa 24. Na kwa kuwa volti ni chache, mkondo huwa mkubwa: waya uwe mnene na mfupi, na fyuzi ikae karibu na betri, ama sivyo waya utawaka kabla ya taa.

Hapa ndipo wengi walipopoteza fedha zao. Betri ya gari ina mabamba membamba, yaliyoundwa kutoa nguvu nyingi kwa nukta chache za kuwasha injini. Ikilazimishwa kuwasha taa usiku kucha, hufa mapema. Nahodha mwenye busara hutenga betri ya injini na betri za taa, ili anasa ya usiku isimnyime safari ya alfajiri. Mwanakijiji mwenye betri moja hakuwa na hiari hiyo. Alijifunza kwa hasara.

Gridi imefika, na hapana shaka ni neema. Lakini waya haukufika kila mlango, na chombo kilichotweka tanga hakina waya wa kukifuata. Elimu ya kupima, kutenga na kubakiza, iliyonunuliwa kwa betri zilizokufa, yafaa iandikwe kabla wazee walioilipia hawajaondoka nayo. Hiyo ndiyo akiba nisiyotaka ioze.