Mbio za hisani kwenye tuta la reli ya karanga

Nusu marathoni ni kilomita 21.0975. Nachingwea ilifikiwa na reli ya mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947. Reli ikafungwa 1962. Pale ambapo tuta lake bado linapitika, mbio za hisani zinawezekana, serikali ya kijiji na wenye mikorosho wakiridhia.

Njia hupimwa kwa baiskeli yenye kifaa cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu, kisha huongezwa mita 1 kila kilomita isije ikapungua. Baiskeli kwetu Nachingwea na Ruangwa si tatizo! Tatizo ni gari la wagonjwa: lisipoweza kumfikia aliyeanguka, sisi tunasema hamisheni njia. Maji yawepo kila kilomita 5, na mchangiaji aambiwe mapema fedha zinakwenda zahanati gani.