Kasoro Ndogo za Rangi Kwenye Gari Jipya la Umeme: Ukaguzi Ufanyike Kabla ya Kusaini Hati ya Makabidhiano

Gari jipya la umeme linapokabidhiwa, mnunuzi huanza na betri, chaja na umbali unaoweza kusafiriwa kwa chaji moja. Rangi hukaguliwa mwisho, na wakati mwingine haikaguliwi kabisa. Hata hivyo, kasoro ya rangi isiyoandikwa siku ya makabidhiano ni vigumu kuthibitishwa baadaye kuwa ilitoka kiwandani au ilitokea wakati wa usafirishaji, na si barabarani baada ya gari kuanza kutumika.

Muundo wa rangi ya gari

Rangi ya kiwandani huundwa kwa tabaka kadhaa. Bodi huzamishwa kwanza katika kinga ya kutu inayoshikizwa kwa nguvu ya umeme, kisha hupigwa praima, rangi yenyewe na mwishoni klia, tabaka angavu linaloleta mng'ao na kukinga rangi dhidi ya jua. Kwa kawaida tabaka zote kwa pamoja huwa na unene wa takribani maikromita 100 hadi 150, sawa na nywele mbili za binadamu zilizolazwa moja juu ya nyingine.

Kasoro zinazojitokeza

Kasoro za kawaida ni chembe za vumbi zilizonaswa chini ya klia, michirizi ya rangi iliyotiririka, uso wenye vinundu mithili ya ganda la chungwa, na mikwaruzo myembamba ya mviringo inayotokana na kufuta gari kwa kitambaa kichafu. Rangi pia huweza kubanduka kwenye kingo za milango na boneti wakati wa kupakia na kushusha gari.

Tofauti ndogo ya rangi kati ya bampa na bodi si ushahidi wa ajali. Bampa nyingi ni za plastiki, nazo hupakwa rangi peke yake na kukaushwa kwa joto dogo zaidi. Lakini iwapo kipima unene kitaonesha kuwa mlango mmoja una rangi nene kuliko sehemu nyingine kwa kiwango kikubwa, mnunuzi ana sababu ya kuuliza kama mlango huo uliwahi kupakwa rangi upya.

Uzito wa kasoro na namna ya kuirekebisha

Vumbi na mikwaruzo ya juujuu huondolewa kwa polishi. Kazi hiyo hupunguza unene wa klia, hivyo haipaswi kurudiwa mara kwa mara. Mkwaruzo uliofika kwenye chuma unahitaji kuzibwa mapema, hususan katika mikoa ya pwani, ambako hewa ya chumvi huharakisha kutu.

Gari la umeme lina tahadhari zake. Kiwandani, rangi hukaushwa katika tanuri lenye joto linaloweza kufikia nyuzi 140 za Selisiasi, kabla ya betri kufungwa. Gari lililokamilika haliwezi kurudishwa katika joto hilo bila kuhatarisha betri. Fundi rangi anapaswa kufuata ukomo wa joto na muda uliowekwa na mtengenezaji. Vilevile, baadhi ya magari yana rada nyuma ya bampa. Rangi iliyorundikwa juu yake huweza kudhoofisha utambuzi wa vizuizi.

Sheria inavyosema

Nchini Tanzania, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inampa mnunuzi haki ya kupata nafasi ya kutosha ya kukagua bidhaa kabla ya kuhesabiwa kuwa ameipokea. Hata hivyo, mnunuzi aliyekwisha kukagua hawezi kutegemea sharti la ubora kwa kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuibaini. Kukaa na gari kwa muda mrefu bila kumjulisha muuzaji kuwa halikubaliki huweza pia kuhesabiwa kuwa ni kulipokea.

Hatua zinazoshauriwa

1. Gari likaguliwe likiwa safi na kavu, wakati wa mchana, kwa kutazamwa kutoka pande tofauti.

2. Kingo za milango, boneti, bampa na paa zipewe uangalizi maalumu.

3. Kila kasoro ipigwe picha na kuandikwa kwenye hati ya makabidhiano, nayo isainiwe na pande zote mbili.

4. Muuzaji aeleze kwa maandishi nani atarekebisha, kwa njia gani na lini.

5. Masharti ya dhamana ya rangi yasomwe, kwa kuwa dhamana nyingi hazihusu madhara ya kokoto, kinyesi cha ndege au utomvu wa miti.

Kasoro ndogo kwa kawaida humalizwa kwa matengenezo au makubaliano ya bei. Pale muuzaji anapotoa maelezo ya kupotosha, kama vile kuficha kuwa gari lililouzwa kama jipya lilipakwa rangi upya, mwananchi anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani (FCC), iliyoanzishwa kwa Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, akiambatisha picha na nakala ya hati ya makabidhiano.