Ndege Inayogeuka Jitu: Nani Aliichora Kwanza?

Miongoni mwa vijana wanaochora katuni hapa Kakamega kuna dai lililorudiwa hadi likaonekana kweli: kwamba ndege ya kivita inayojikunja ikawa jitu lenye mikono na miguu ni ubunifu wa Wamarekani, na kwamba ilianza na Transformers. Ukiomba ushahidi, unaoneshwa fulana ya mitumba yenye picha ya Jetfire, ile ndege nyeupe yenye mapambo mekundu. Bahati mbaya kwao, Jetfire ndiye shahidi wa upande wa pili.

Wapo pia wazee wanaosema hakuna jipya hapo, kwa kuwa amanani, yaani majitu ya hadithi zetu za Kiluhya, walijigeuza vijana watanashati wapate kuoa, zamani kabla ya Mjapani wala Mmarekani. Ni hoja ya kufurahisha barazani tu. Linani hana injini wala mabawa, na hakuna fundi anayedai ujira wake.

Historia yetu wenyewe ya katuni inajulikana, sitaizungukia sana. Edward Gitau alituchekesha na Juha Kalulu katika Taifa Leo. Terry Hirst na Hilary Ng'weno wakaanzisha jarida la Joe mwaka 1973. Frank Odoi, Mghana aliyeifanya Nairobi kuwa kwake, akatuchorea Akokhan. Ndege za kivita hatukuzijua kwa kuchorwa. Tulizijua Agosti 1, 1982, siku F-5 za Jeshi la Anga zilipopaa katika jaribio la mapinduzi, na mtangazaji Leonard Mambo Mbotela akalazimishwa kusoma tangazo la waasi redioni. Miezi miwili baadaye, Oktoba 3, televisheni ya Japani ilianza kuonyesha filamu ya katuni iitwayo Macross.

Ndani ya Macross mlikuwa na VF-1 Valkyrie, ndege inayogeuka jitu, kazi ya Shoji Kawamori, kijana aliyezaliwa 1960 na kujiunga na Studio Nue akiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu. Hakuwa wa kwanza kuwaza ndege na jitu pamoja. Mwaka 1974, Go Nagai na Ken Ishikawa walileta Getter Robo, ambamo vyombo vitatu vya angani huungana kuwa roboti moja. Lakini humo chuma kinavutika na kufinyangwa kama ugali wa moto. Usiulize kipande gani kimekwenda wapi. Kawamori aliuliza. Alijaribu mikunjo yake kwa vipande vya Lego. Tazama michoro yake kwa makini: injini mbili zinashuka na kuwa miguu, midomo ya kutolea moto inakuwa nyayo, mikono inachomoza kutoka tumboni ilikokuwa imefichwa, mabawa yanajikunja mgongoni. Katikati ya safari kuna umbo la tatu, ndege yenye miguu na mikono, liitwalo GERWALK. Umbo la ndege lenyewe linaifuata F-14 ya Marekani, ambayo mabawa yake nayo husogea mbele na nyuma. Huo ndio mchango wa Marekani ninaoukubali bila kubishana.

Kampuni ya Takatoku ikaiuza VF-1 kama kitu cha kuchezea. Ilipofilisika, Bandai ikashika kalibu, na kupitia Bandai ndege ileile ikafika kwa Hasbro, kampuni ya Marekani inayouza Transformers, ikauzwa mwaka 1985 kwa jina la Jetfire. Kwenye filamu za katuni za Transformers ilibidi Jetfire abadilishwe umbo na kuitwa Skyfire.

Ushahidi ninaouthamini zaidi, na ambao wengi hawaujali, ni majalada mawili. Kampuni ya Marekani ya Comico ilitoa kitabu cha kwanza cha katuni hiyo mwishoni mwa 1984, na jalada likaandikwa Macross. Toleo la pili likatoka likiitwa Robotech: The Macross Saga. Kati ya namba moja na namba mbili, jina la Kijapani liliondolewa mbele likawekwa nyuma. Robotech ni kazi ya mtayarishaji Carl Macek, aliyekuwa ameunganisha filamu tatu tofauti za Kijapani, Macross ikiwemo, kuwa hadithi moja ya vipindi 85 chini ya kampuni ya Harmony Gold. Watetezi wake husema bila yeye dunia isingeiona Macross. Labda. Ila aliyekutangaza hakukuzaa.

Kisha zikaja kesi. Mwaka 2002 mahakama ya Tokyo iliamua kuwa michoro ya asili ya wahusika na mitambo ni mali ya Studio Nue na kampuni ya Bigwest. Mwaka 2003 ikaamuliwa kuwa filamu yenyewe ni ya studio ya Tatsunoko, na ni Tatsunoko iliyokuwa imeipa Harmony Gold kibali cha kuitumia nje ya Japani. Kwa hiyo mchoro ukawa na mwenyewe, na filamu ya mchoro huohuo ikawa na mwenyewe mwingine. Miaka mingi Macross mpya hazikuweza kuuzwa Marekani kwa njia halali. Suluhu kati ya Bigwest na Harmony Gold ilitangazwa Aprili 2021.

Wakati huo wote Kawamori alikuwa akiendelea kuchora. Macross Plus ya 1994 inashindanisha ndege mbili za majaribio, YF-19 na YF-21, kwa kuigiza shindano halisi la YF-22 na YF-23 lililoamuliwa Marekani mwaka 1991. Zote mbili zinapitwa na Ghost X-9, ndege isiyo na rubani.

Funzo la kesi hizo kwenu mnaochora Kakamega: sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaulinda mchoro hadi miaka 50 baada ya kifo cha mchoraji, na KECOBO, bodi ya hakimiliki, husajili kazi. Tieni sahihi na tarehe kwenye kila ukurasa kabla ya kumtumia mtu yeyote.